Kutoka Kigiriki hadi Kilatini: mwongozo kamili wa kulichambua jina Rhapta

Rhapta ulikuwa mji wa biashara katika pwani ya Afrika Mashariki, na jina lake limetufikia kwa Kigiriki. Vitabu vya historia ya pwani hulitaja sana, lakini vingi hulipita mbio: husema linatokana na kushona, kisha huingia kwenye pembe za ndovu. Mtu akitaka kuliweka jina hili katika sentensi ya Kilatini, au akitaka kupima kama maelezo ya asili yake yana mashiko, hana pa kushika. Mmoja ataandika Rhaptam, mwingine Rhaptae, wa tatu atalihusisha na Rufiji kwa kuwa majina yote mawili yanaanza na r.

Mwongozo huu unalifuata jina hilo moja hatua kwa hatua, tangu linapoandikwa kwa mara ya kwanza hadi linapokaa sawasawa ndani ya Kilatini. Njia hiyohiyo itakufaa kwa Leuctra, Megara, Delphi au Korintho. Nimechagua Rhapta kwa kuwa ni jina la ufuo huu, na kwa kuwa sarufi yake inakwenda na upatanisho. Aliyekua na ngeli za Kiswahili ana faida hapa, na ni vyema aitumie.

Unahitaji vitu vichache: alfabeti ya Kigiriki, kamusi ya Kigiriki cha kale, kamusi ya Kilatini, na matini zenyewe, ambazo zimo intaneti bila malipo. Waliopitia Kilatini seminarini watakuwa mbele kidogo, lakini wengine hawataachwa nyuma.

Hatua ya 1: Likamate jina pamoja na maneno yanayolizunguka

Kosa la kwanza ni kulichukua jina peke yake. Rhapta likiandikwa peke yake halikuambii kama ni umoja au wingi, wala ni la jinsia gani. Hayo yote yanasemwa na maneno ya jirani, kwa hiyo chukua sentensi nzima.

Matini ya kwanza ni Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 BK na mtu aliyeishi Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Kwa Wagiriki, Bahari ya Eritrea ilikuwa bahari yote kuanzia Bahari ya Shamu hadi India, pamoja na pwani yetu. Nakala kuu iliyobaki ni ya karne ya 10 na imehifadhiwa Heidelberg, Ujerumani. Katika sura ya 16 mwandishi anasema kwamba baada ya kisiwa cha Menouthias, mwendo wa siku mbili mchana na usiku, ipo bandari ya mwisho kabisa ya Azania (jina la kale la pwani hii), iitwayo *ta Rhapta*. Anaongeza kwamba imepata jina hilo *apo tōn proeirēmenōn rhaptōn ploiariōn*, yaani kutokana na vile vyombo vidogo vya kushonwa vilivyokwisha kutajwa.

Matini ya pili ni Jiografia ya Klaudios Ptolemaios, aliyeandika Aleksandria yapata mwaka 150 BK. Humo yamo mambo mawili ya kunakili. Katika kitabu cha kwanza anasimulia habari za nahodha mmoja, Theophilos, aliyeng'oa nanga *apo tōn Rhaptōn*, "kutoka Rhapta", kwa upepo wa kusi, akafika *eis ta Arōmata* siku ya ishirini. Katika kitabu cha nne anaorodhesha mambo matatu yenye jina moja: mto *Rhaptos*, mji *Rhapta* anaouita metropolis (mji mkuu) wa Barbaria, nchi ya pwani hii, ulio ndani kidogo kutoka baharini, na rasi *Rhapton*.

Sasa tazama vile vijineno vidogo. *Ta* ni kibainishi cha wingi wa jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, ile inayoitwa nyutro. *Tōn* ni kibainishi cha wingi katika uhusika wa kumiliki. Kwa hiyo waandishi wawili, waliotengana kwa karibu miaka mia moja, wanakubaliana: Rhapta ni wingi, na ni nyutro. Andika hilo pembeni kwa herufi kubwa. Nusu ya maswali ya Kilatini yamekwisha kujibiwa.

Kabla hujaondoka hapa, angalia irabu ndefu na fupi. Kigiriki kina o mbili: omikroni, iliyo fupi, na omega, iliyo ndefu. *Rhapton* yenye omikroni ni umoja wa nyutro na ndiyo rasi. *Rhaptōn* yenye omega ni wingi wa kumiliki, "ya Rhapta". Nakala nyingi za kisasa zinazotumia herufi zetu huacha kistari cha juu, na hapo maneno mawili tofauti yanaonekana kama neno moja. Ukikuta "Rhapton" bila alama, rudi kwenye Kigiriki chenyewe kabla hujaandika lolote.

Hatua ya 2: Hamisha herufi kwa kanuni, si kwa kubahatisha

Warumi walikuwa na desturi thabiti ya kuandika majina ya Kigiriki. *Kh* ya Kigiriki (khi) huwa ch, *th* hubaki th, *ph* hubaki ph. Kapa huwa c: Korinthos huwa Corinthus. *Ou* huwa u, ndiyo maana Menouthias huandikwa Menuthias. *Ai* huwa ae, *oi* huwa oe.

Kwa jina letu kanuni inayohusika ni ya r. Neno la Kigiriki likianza na r, herufi hiyo hutamkwa kwa pumzi, na Kilatini huonyesha pumzi hiyo kwa h: Rhodus, Rhegium, Rhapta. Ikikutana r mbili katikati ya neno, huandikwa rrh, kama katika Pyrrhus.

Usiidharau h hiyo. Katika nakala na ramani za Kilatini za Ptolemaios utaikuta imeanguka, na mji unaandikwa Rapta. Lakini *rapta* ni neno halisi la Kilatini, kutoka kitenzi *rapere*, na maana yake ni "iliyonyakuliwa" au "aliyetekwa". Mtu akiingia kwenye kamusi ya Kilatini na Rapta isiyo na h, atatoka na hadithi ya mji uliotekwa, na hadithi hiyo haina msingi wowote.

Hatua ya 3: Tenganisha mzizi na kiambishi, kisha uulize kivumishi hiki kilivumisha nini

Hapa ndipo penye utamu, na hapa usiwe na haraka.

Kitenzi cha Kigiriki ni *rhaptō*, "nashona". Ukoo wake ni mpana: *rhaphē* ni mshono, *rhaphis* ni sindano, na *rhapsōdos*, yule mghani wa tenzi ndefu mbele ya hadhara, jina lake limeundwa kwa kushona na wimbo. Tena kitenzi hiki ni cha kale mno. Katika mabamba ya udongo ya mwandiko wa kale wa Kigiriki uitwao Linear B, uliofumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, limo neno *ra-pte*, yaani fundi wa kushona, na *e-ra-pe-me-na*, iliyoshonwa. Mabamba hayo yalitangulia Periplus kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ukiongeza kiambishi *-tos* kwenye mzizi wa kitenzi, unapata kivumishi cha hali iliyotendwa: *rhaptos*, "-a kushonwa, -lioshonwa". Kama kivumishi chochote cha Kigiriki, kinapatana na nomino yake, ila upatanisho wake uko mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. Weka Kiswahili na Kigiriki pamoja uone:

mto *u*lioshonwa: *potamos rhaptos*
rasi *i*liyoshonwa: *akron rhapton*
vyombo *vi*livyoshonwa: *ploiaria rhapta*

*Potamos*, mto, ni nomino ya kiume, kwa hiyo kivumishi kinaishia na -os. *Akron*, rasi, ni nyutro umoja, kinaishia na -on. *Ploiaria*, vyombo vidogo vya majini, ni nyutro wingi, kinaishia na -a. Ndiyo yale majina matatu ya Ptolemaios, moja baada ya jingine. Wengi huyasoma kama tahajia tatu za jina moja, kana kwamba mwandishi alikuwa hana uhakika. Sivyo. Yamepatana, kila moja na nomino yake.

Kisha jiulize swali la maana. Kati ya mto, rasi na vyombo, ni kipi kinachoshonwa kweli? Mto haushonwi, wala rasi. Chombo ndicho kinachoshonwa. Kwa hiyo umbo la kwanza ni lile la wingi, Rhapta, na mto na rasi yamepokea jina kutoka kwa bandari kisha yakavalishwa upatanisho unaoyafaa. Mtu angeweza kufikia uamuzi huo kwa sarufi peke yake hata kama Periplus isingetoa maelezo, na inapendeza kwamba Periplus inasema vilevile.

Jambo moja dogo kwa wanaosoma Kigiriki chenyewe: kivumishi *rhaptós* kina mkazo mwishoni, ilhali mji, *Rháptа*, una mkazo mwanzoni. Kigiriki mara nyingi hurudisha mkazo nyuma kivumishi kinapogeuka kuwa jina, kama *glaukós*, -enye rangi ya samawati, kinavyokuwa Glaûkos, jina la mtu. Mkazo uliorudi nyuma ni alama kwamba wasemaji wameacha kuliona neno kama sifa, wanaliona kama jina.

Hatua ya 4: Lipime jina kwa kitu chenyewe

Sarufi ikikubali, bado unatakiwa kuuliza: kitu hicho kilikuwepo? Katika sura ya 15, mistari michache kabla ya Rhapta, mwandishi anasema kwamba Menouthias kuna vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba watu wanavitumia kuvulia na kukamatia kasa. Katika sura ya 17, akiorodhesha bidhaa zinazoletwa kwenye bandari hizi, anataja mikuki iliyofuliwa Mouza, pwani ya Yemen, mashoka madogo, visu, na vyuma vyembamba vya kutobolea matundu. Kifaa hicho cha mwisho huwa nakitazama mara mbili kila nikisoma sura hiyo. Mwandishi hasemi kilitumika kwa kazi gani, lakini mbao hazishonwi bila kutobolewa.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa chombo cha kushonwa ni kitu gani. Mtepe wa visiwa vya Lamu uliundwa hivyo: ubao juu ya ubao, matundu kando, kamba ya usumba wa nazi ikipita ndani na nje, vigingi vya mti mahali pa misumari, na juu yake tanga la mkeka lenye pembe nne. Mitepe ilionekana baharini hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Siwezi kusema mtepe wa Lamu ndio uleule wa Rhapta, kwa kuwa kati yao ipo miaka mingi na mambo mengi. Ninachosema ni kwamba ufundi wenyewe ni wa bahari hii, na jina la Kigiriki limeutaja jinsi ulivyo.

Hatua ya 5: Wape nafasi wapinzani wa maelezo hayo

Mwongozo wa asili ya jina usiopima maelezo mengine haujakamilika. Kwa Rhapta yapo mawili ya kuzingatia.

La kwanza ni mzizi wa Kiarabu r-b-t, wenye maana ya kufunga. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana Periplus inasema wazi kwamba Rhapta ilikuwa chini ya mtawala wa upande wa Yemen, na kwamba watu wa Mouza walipeleka huko manahodha Waarabu waliooana na wenyeji na kuijua lugha yao. Kufunga kwa kamba nako hakuko mbali na kushona. Hata hivyo, naliweka nyuma, na sababu yangu ni sura ya 36. Huko mwandishi anaeleza vyombo vya kushonwa vya Omana, bandari ya upande wa Ghuba ya Uajemi, na anatumia neno lilelile *rhapta*, kisha anaongeza kwamba kwa jina la huko vinaitwa *madarata*. Maana yake ni kwamba *rhapta* kwake ni neno la kawaida la Kigiriki la aina ya chombo, na kwamba akilijua jina la wenyeji hulitaja waziwazi. Kwa Rhapta hakutaja jingine.

La pili ni mfanano wa sauti na Rufiji. Delta ya Rufiji ni mojawapo ya mahali wanaakiolojia walipopapendekeza kuwa ndipo ulipokuwa mji, pamoja na Pangani na maeneo ya karibu na Dar es Salaam, na Felix Chami amefanya uchimbaji mwingi upande wa Rufiji. Mahali huthibitishwa kwa vyungu, shanga na vyuma vilivyomo ardhini. Jina halithibitishwi kwa herufi moja ya mwanzo. Sauti zikifanana bila kanuni inayoeleza kila herufi imefikaje ilipo, huo ni mfanano tu, hata kama mji siku moja utapatikana palepale Rufiji.

Kipo pia kipimo cha majina ya jirani. Bandari ambayo Theophilos alifikia, *Arōmata*, kwenye rasi tunayoiita leo Guardafui, maana yake ni manukato, na nayo ni nyutro wingi. Mabaharia wa Kigiriki walikuwa na mazoea ya kuita bandari kwa kile kinachoonekana au kununuliwa hapo. Bandari ya Manukato upande mmoja, bandari ya vyombo vya kushonwa upande wa pili: majina haya mawili ni ya mkono mmoja.

Hatua ya 6: Chagua kundi la Kilatini na ulizungushe jina

Kilatini hakikutafsiri majina ya mahali. Kilikuwa na neno lake la kitu kilichoshonwa, *sutilis*, kutoka *suere*, kushona. Mshairi Virgil analitumia katika utenzi wake Aeneis, kitabu cha 6, kwa mtumbwi wa Charon, mvushaji wa wafu, unaolia kwa uzito wa shujaa Aeneas. Lakini mji haukuitwa Sutilia. Jina lilihamishwa kama lilivyo na kupewa miisho ya Kilatini. Kwa Rhapta, iliyolieneza jina Ulaya ni tafsiri ya Ptolemaios iliyofanywa na Jacopo Angeli mwanzoni mwa karne ya 15 na kupigwa chapa Vicenza mwaka 1475, kisha na ramani Bologna mwaka 1477.

Nyutro wingi wa Kigiriki yenye shina kama hili huingia kundi la pili la nomino za Kilatini, upande wa nyutro, wingi pekee:

Nominativu (kiima): Rhapta
Akuzativu (yambwa, au kwenda wapi): Rhapta
Genitivu (kumiliki): Rhaptorum
Dativu (kwa nani): Rhaptis
Ablativu (kutoka wapi): Rhaptis
Lokativu (mahali): Rhaptis

Katika kamusi utaliandika *Rhapta, -orum, n. pl.* Nominativu na akuzativu za nyutro hufanana daima, katika Kigiriki na katika Kilatini. Mto utakuwa *Rhaptus, -i*, wa kiume, kwa kuwa *fluvius* ni wa kiume. Rasi itakuwa *Rhaptum promontorium*, kwa kuwa *promontorium* ni nyutro. Upatanisho ule wa hatua ya 3 umevuka mpaka wa lugha bila kupungua.

Mtego mkubwa ni kulichukulia jina kama nomino ya kike umoja, *Rhapta, Rhaptae*, kama *rosa, rosae*. Mtego huu uliwanasa hata Warumi kwa majina mengine ya aina hii. Megara, mji wa Ugiriki, ni nyutro wingi kwa Kigiriki, lakini mwaka 45 KK Servius Sulpicius Rufus, akimwandikia Cicero barua ya rambirambi baada ya kifo cha bintiye, anasema alikuwa akisafiri *ab Aegina Megaram versus*, "kutoka Aegina kuelekea Megara". *Megaram* ni akuzativu ya kike umoja. Kwa Megara, basi, kamusi zinatoa njia zote mbili. Kwa Rhapta hatuna ushahidi wa Kirumi wa kutupa ruhusa hiyo, na Kigiriki kinasema *ta* na *tōn* bila utata. Shika nyutro wingi.

Angalia kitenzi pia. Kigiriki kina kanuni ya ajabu: nyutro wingi huchukua kitenzi cha umoja. Kilatini hakina kanuni hiyo. Ukitafsiri kutoka Kigiriki, usilete kitenzi cha umoja pamoja na jina. Andika *Rhapta sita sunt*, kwa wingi. Ila ukiongeza neno la kufafanua kama *oppidum* au *metropolis*, Kilatini hupenda kupatanisha kitenzi na neno hilo la umoja: *Rhapta, metropolis Barbariae, sita est*. Mwanahistoria Livius na wenzake walifanya hivyo kwa Corioli, jina la wingi: *Corioli oppidum captum est*.

Hatua ya 7: Wapi, kwenda wapi, kutoka wapi

Kiswahili hakisemi "naenda Mombasani". Tunasema sokoni, shuleni, mjini, lakini naenda Mombasa, nakaa Mombasa, natoka Mombasa. Jina la mji halihitaji kiambishi cha mahali. Kilatini kinafanana nasi kwa sehemu: jina la mji halichukui kihusishi, ila kinabadili mwisho wa neno kuonyesha mwelekeo.

*Rhapta navigant*: wanasafiri kwenda Rhapta.
*Rhaptis habitant*: wanakaa Rhapta.
*Rhaptis veniunt*: wanatoka Rhapta.

Kwa majina ya wingi, "kukaa" na "kutoka" vina umbo moja, na kitenzi ndicho kinachoamua. Hapo usiongeze *in* wala *ex* kwa hofu ya kutoeleweka. Msomaji wa Kilatini anasubiri kitenzi.

Ukiona *ad Rhapta* au *apud Rhapta*, maana imebadilika: ni "karibu na Rhapta, viungani mwake". Waandishi wa Kilatini husema *apud Leuctra* kwa vita vya mwaka 371 KK kwa sababu watu walipigana nje, uwandani. Tofauti hiyo ina kazi kwetu. Chombo kilichotia nanga nje ya mji kiko *ad Rhapta*, na wafanyabiashara walioingia ndani wako *Rhaptis*.

Mto, rasi na nchi havina haki hiyo ya miji. Vinadai kihusishi: *ad Rhaptum promontorium*, *in Azania*, *in Azaniam*, *ex Azania*. Ukitumia Azania kama sifa, inapatana kama kawaida: *mare* ni nyutro, kwa hiyo bahari ni *Azanium mare*, kama Plinius anavyoiita. Visiwa vidogo vinafuata kanuni ya miji, hivyo Menuthias (genitivu *Menuthiadis*, kundi la tatu) haitaki kihusishi: *Menuthiade*, kutoka Menuthias.

Kuhusu wenyeji, Ptolemaios anawataja Waethiopia waitwao *Rhapsioi*. T imegeuka s mbele ya i, kama watu wa Miletos wanavyoitwa Milesioi. Kwa Kilatini ni *Rhapsii, -orum*, na sifa yao ni *Rhapsius, -a, -um*. Usiunde "Rhaptanus" wakati jina la kale lipo.

Ukihamia kwenye majina mengine

Aromata inafanana na Rhapta kwa jicho, lakini shina lake ni tofauti: *arōma, arōmatos*, kundi la tatu. Genitivu ni *Aromatum*. Dativu na ablativu ni *Aromatis*, kwa kuwa nomino za Kigiriki zinazoishia -ma hupenda -is badala ya -ibus, kama *poematis*.

Miji ya -os huwa -us na mingi ni ya kike ingawa inaonekana ya kiume. Corinthus ni ya kike, kwa hiyo *Corinthus deleta est*, Korintho iliangamizwa, nayo iliangamizwa mwaka 146 KK. Lokativu ni *Corinthi*. Athenae ni kike wingi, lokativu *Athenis*. Delphi ni kiume wingi, lokativu *Delphis*. Neapolis ni ya kundi la tatu, akuzativu *Neapolim*, ablativu *Neapoli*. Kwa kila moja rudi hatua ya 1, utafute kibainishi cha Kigiriki, ndipo uchague kundi.

Zoezi

Andika kwa Kilatini sentensi hizi bila kutazama chini: Bandari ya Rhapta ilipewa jina kutokana na vyombo vya kushonwa. Rhapta hupatikana pembe nyingi za ndovu. Theophilos, baada ya kuondoka Rhapta, alifika Aromata siku ya ishirini. Rhapta, metropolis wa Barbaria, uko si mbali na bahari.

Majibu:

*Rhapta a navibus sutilibus nominata sunt.*
*Rhaptis plurimum eboris invenitur.*
*Theophilus Rhaptis profectus vicesimo die Aromata pervenit.*
*Rhapta, metropolis Barbariae, non procul a mari sita est.*

Ukiandika *est* katika sentensi ya kwanza au *sunt* katika ya nne, rudi mwisho wa hatua ya 6. Na ikiwa katika ya tatu umeweka *a* mbele ya *Rhaptis* au *ad* mbele ya *Aromata*, rudi hatua ya 7. Katika ya nne *a mari* ni sawa kabisa, kwa sababu bahari si mji.